FEZA NA VITU VIPYA: JE, BEI YA METALI INADUMU?



Katika Kifaransa neno « argent » lina maana mbili: ile metali nyeupe, na vilevile makuta. Kwetu iko hivyohivyo: tunasema feza kwa metali, tunasema feza kwa makuta. Juu ya ile, wengi wanawaza kama bei ya feza haiwezi kufa hata siku moja. Tujifunze kama ni kweli.

1. Feza iko nini?

Katika somo la shimi alama yake ni Ag, namba 47. Inayeyuka kwa digri 961. Kati ya metali zote hakuna inayopitisha umeme vizuri kuliko feza. Shaba inaifuata nyuma kidogo tu. Tena chumvi zake zingine zinageuka nyeusi zikipigwa na mwangaza. Basi bei yake inasimama juu ya miguu miwili: mguu wa kwanza ni urembo na akiba, mguu wa pili ni kazi za fabriki. Vitu vipya vinapiga zaidi ule mguu wa pili.

2. Mfano wa foto

Zamani kila filme ya foto ilikuwa na chumvi ya feza. Hata mwaka 1999, karibu robo ya feza iliyotumiwa duniani ilikwenda kwenye foto. Lakini tangu mwaka 1975 Steven Sasson, enjinia wa Kodak, alikuwa amekwisha kutengeneza kamera isiyo na filme: mwangaza unapokelewa na kipande cha silisiyumu. Miaka zaidi ya 20 ikapita mbele ya watu wote kuona matokeo. Halafu filme ikaanguka mbio. Januari 2012 Kodak yenyewe iliomba tribinali iilinde juu ya madeni. Leo foto inachukua chini ya 5 kwa mia ya feza.

Sasa, bei ya feza ilikufa? Hapana. Mwaka 2001 unsi moja (gramu 31) ilikuwa chini ya dola 5. Mwaka 2025 ilipita dola 50. Juu ya nini? Watu wengi waliinunua kama akiba, na kazi mpya ilikuja: pano za jua, zile tunazotia juu ya mabati. Vile vimistari vyembamba vinavyokusanya umeme juu ya pano, vinatengenezwa kwa feza.

3. Bei ikipanda sana, inaita mpinzani wake

Fabriki za pano zinaona feza iko bei nguvu. Basi zinapunguza kiasi chake, na zinajaribu kutia shaba pahali pake. Shaba haiko rahisi: inaungana na oksijeni upesi, na ikiingia ndani ya silisiyumu inaharibu kazi. Lakini siku watakaposhinda shida hizo kwa bei ndogo, feza itapoteza kazi hii kama ilivyopoteza foto.

Kuna jambo lingine. Sehemu kubwa ya feza haichimbwi peke yake. Inatoka pamoja na risasi, zinki, shaba na zahabu. Bei ya feza ikianguka, mwenye kutafuta zinki hafungi shimo lake. Feza inaendelea kufika sokoni hata kama wanunuzi wamepunguka. Ndiyo maana bei inaweza kukaa chini miaka mingi.

4. Inatugusa namna gani?

Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na wanaitia katika batri za magari. Lakini kuna batri za litiyumu, chuma na fosfati: hazina kobalti hata kidogo, na leo ziko ndani ya magari mengi, zaidi sana kule China.

Wenzetu wengine wanaacha masomo kwenda kuchimba, wakisema masomo yanakawia, madini hayakawii. Mimi siwacheki, njaa ya nyumbani iko njaa. Lakini shimo halitakuambia ni kitu gani kinatafutwa katika laboratwari ya mbali. Aliyesoma anaweza kuuliza mapema: Metali hii inafanya kazi gani? Kitu gani kinaweza kufanya kazi ileile kwa bei ndogo? Kitu hicho kinakosa nini bado? Siku jibu la swali la tatu litakapokuwa « hakikosi kitu », bei haitangoja mtu.

Maswali ya kujadiliana

1. Mwaka 1884 Wamarekani walitia aluminiyumu kwenye ncha ya mnara wa Washington, kama kitu cha heshima. Leo aluminiyumu iko sufuria ya kila jiko. Juu ya nini? (Tafuteni mwaka 1886, na majina ya Hall na Héroult.)

2. Shaba ikishinda feza katika pano za jua, nani atapoteza na nani atapata? Kumbukeni nchi yetu iko na shaba.

3. Kobalti ikipoteza kazi ya batri, inabaki na kazi gani zingine?

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita