Nanasi limeuzwa, Januari inabisha hodi

*Mhariri, tunalima mananasi Kiwangwa. Kila Desemba mashemeji na mawifi huja kutoka Dar kula sikukuu kwetu, na mume wangu hataki wapungukiwe na kitu. Januari watoto wanarudi shule hatuna hata hela ya daftari, tunagombana. Je, mimi ni mchoyo?*
*Mama wa watatu*

Hapana. Mama huyu hakatai wageni, anaiogopa Januari, na ana sababu.

Mananasi huko huiva kwa wingi mwisho wa mwaka. Sokoni yakijaa bei hushuka, na fedha kidogo inayopatikana huingia kwa mkupuo, sikukuu nazo zikiwa mlangoni. Kwa mume, kukirimu ndugu ni heshima yake. Kwa mke, fedha hiyo hiyo ni sare na viatu. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia 2016, lakini sare bado ni ya mzazi.

Wazungumze siku ya mauzo, kabla wageni hawajafika, na vitu vya shule vinunuliwe siku hiyo hiyo: daftari halirudi kuwa kuku. Kisha mume mwenyewe awapigie ndugu zake waje na mchele na mafuta. Wifi akiambiwa na kaka yake hanuni, hasa akijua ataondoka na mananasi.

Wakishindwana, wamwendee mzee anayeheshimiwa na pande zote, au baraza la usuluhishi la ndoa, linalotambuliwa na Sheria ya Ndoa ya 1971. Lakini mama akipigwa, aende mara moja Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi.