Mwili wa Miaka Hamsini Si Mvivu

Wenzangu, kuna kauli mbili tunazozirudia sana tukiongelea unene wa wazazi wetu. Ya kwanza: "Ukivuka thelathini tu, mwili unachoma chakula polepole." Ya pili: "Mama akiacha ugali wa usiku atapungua." Mimi nasoma fiziolojia na mama yangu ana miaka 52, kwa hiyo kauli hizi nakutana nazo darasani na nyumbani. Ya kwanza si sahihi. Ya pili ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki inaweza kumuumiza mtu.

Tuanze na ya kwanza. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Herman Pontzer wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Ulihusisha watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia mtoto wa siku 8 hadi mzee wa miaka 95. Matumizi yao ya nishati yalipimwa kwa kunywa maji yenye atomu nzito kidogo kuliko za kawaida, kisha kufuatilia kasi ya atomu hizo kutoka mwilini. Ikabainika kwamba, ukishazingatia kiasi cha misuli na mafuta alichonacho mtu, matumizi ya nishati hayabadiliki kati ya miaka 20 na 60. Baada ya hapo ndipo yanashuka, kwa takriban asilimia 0.7 kila mwaka.

Sasa kama injini iko palepale, mbona kitambi? Jibu limejificha kwenye maneno "ukishazingatia kiasi cha misuli". Misuli yenyewe haibaki palepale.

Kuanzia miaka ya thelathini, mtu asiyefanya mazoezi ya nguvu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli kila miaka kumi. Upungufu huu uzeeni unaitwa sarkopenia, jina lililopendekezwa na Irwin Rosenberg mwaka 1989. Kilo moja ya misuli, hata ukiwa umelala, hutumia takriban kalori 13 kwa siku. Kilo ya mafuta hutumia kama 4 au 5. Tofauti ni ndogo, lakini inajirudia kila siku kwa miaka. Tena misuli ndiyo ghala kubwa la sukari inayotoka kwenye chakula. Ghala likipungua, sukari inabaki kwenye damu muda mrefu zaidi. Ubaya ni kwamba mizani haikwambii haya: misuli inatoka, mafuta yanaingia, namba inabaki ileile.

Sababu ya pili iko ndani ya seli za mafuta. Mwaka 2019 watafiti wa Karolinska Institutet, Sweden, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 54 kwa wastani wa miaka 13. Kwa wote, walionenepa na waliokonda, kasi ya seli kutoa mafuta iliyoyahifadhi ilipungua. Fikiria stoo ambayo magunia yanaingia kama zamani lakini yanachelewa kutoka. Wale ambao hawakupunguza chakula kufidia hali hiyo waliongezeka uzito kwa wastani wa asilimia 20.

Ya tatu ni homoni. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Estrojeni ikishuka, mafuta yaliyokuwa yakikaa zaidi kwenye nyonga na mapaja huanza kujikusanya tumboni, mahali ambapo hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo ni kubwa zaidi.

Ya nne haichagui umri, ila humkuta mtu mzima ameshajaribu kupungua mara nyingi: mwili hujitetea. Leptini, homoni ambayo maabara ya Jeffrey Friedman iliitangaza mwaka 1994, hutoka kwenye seli za mafuta na kuupa ubongo taarifa ya akiba iliyopo. Ukikonda, leptini inashuka, na ubongo unaelewa kwamba njaa imeingia. Hamu ya kula inapanda, matumizi yanabanwa. Kevin Hall na wenzake waliwapima washindani 14 wa kipindi cha The Biggest Loser miaka 6 baada ya mashindano. Mwaka 2016 waliripoti kwamba miili yao ilikuwa ikitumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa.

Turudi kwenye ugali wa usiku. Mama aliambiwa kliniki, "punguza kula tu." Akaacha chakula cha jioni, akapungua, na miezi michache baadaye uzito ukarudi wote. Mtu akipungua kwa kujinyima bila mazoezi, takriban robo ya kinachopotea inaweza kuwa si mafuta, na sehemu yake ni misuli. Uzito ukirudi, unarudi zaidi kama mafuta. Yaani mama anamaliza akiwa na misuli michache kuliko alivyoanza, halafu sisi tunamwambia hana nidhamu!

Kula kiasi bado ni lazima, ila peke yake hakutoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 za kutembea kwa kasi au shughuli nyingine ya namna hiyo. Kwa mama yangu hiyo ni kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi, kupumzika, kisha kurudia, na maharage au dagaa kwenye sahani yake. Mwenye dawa za presha au sukari azungumze na daktari kwanza.

Na sisi wa miaka 20 na kitu? Huu ndio wakati wa kujenga akiba ya misuli tutakayoitumia uzeeni. Pushapu chumbani hazingoji boom. Na ukipiga simu nyumbani wiki hii, usimuulize mama kama amepungua kilo. Muulize kama ndoo ya maji anainyanyua bila shida.