Somo: Kusoma Picha

Kutoka Buger unaweza kwenda kutazama Makumbusho ya Olduvai, huko Ngorongoro. Humo mna picha za nyayo za Laetoli. Nyayo hizo ziligunduliwa mwaka 1978 na kundi la Mary Leakey. Binadamu wa kale walikanyaga majivu ya volkano yaliyolowa. Majivu yakakauka, yakawa mwamba. Tangu hapo imepita miaka ipatayo 3,600,000.

Nyayo hizo zilifukiwa tena ili mvua na mizizi visiziharibu. Kwa hiyo picha hutuonyesha kilicho chini ya udongo.

Usipite haraka. Tazama picha, ujiulize: Walikuwa wangapi? Walielekea wapi? Kisha soma maneno yaliyo chini yake. Bila maneno hayo, ungeona mashimo tu.

Je, picha za nyumbani kwako zina maneno? Wazee wakifariki, nani atawatambua waliomo? Muulize bibi leo. Nyuma ya picha andika majina, mahali na mwaka. Tumia penseli, wala usikandamize. Sasa unajua kuandika. Kazi hiyo ni yako.

Maswali
1. Kwa nini nyayo zilifukiwa?
2. Utaandika nini nyuma ya picha yako?