Viza ya Ndoa kwa Mwenye Ulemavu: Cha Kusema, Cha Kudai

Mtu mwenye ulemavu akijiandaa kumfuata mume au mke wake ng'ambo, ndugu na marafiki humpa ushauri mmoja kwa haraka: ficha. Vidonge vya kifafa visionekane kwenye mkoba. Kifaa cha kusikilizia kivuliwe kabla ya kuingia kliniki. Mtoto mwenye usonji aachwe kwa bibi na jina lake lisiandikwe popote. Washauri hao wana nia njema, na hofu yao haikuanza jana, kwani zipo nchi tajiri ambazo zimewahi kumkataa mgeni kwa sababu mwili wake ulionekana ghali. Ila kwa wenzi wa ndoa wanaohamia Kanada, ushauri huo ni mbovu. Sheria ya huko imekwisha kuondoa sababu ya kuficha, na kuficha kwenyewe ndiko kunakomponza mwombaji.

Kanada inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania waliolowea Toronto, Ottawa, Edmonton na Montreal ni wengi, na wengi wao wameacha mwenzi nyumbani.

Sheria inayotawala ni ile ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi, iliyopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika Juni 28, 2002. Kifungu chake cha 38 kinataja sababu tatu za kiafya zinazoweza kumzuia mgeni: kuwa hatari kwa afya ya umma, kuwa hatari kwa usalama wa umma, na kuwa mzigo uliopita kiasi kwa huduma za afya na ustawi wa jamii. Sababu ya tatu ndiyo iliyowaumiza watu wenye ulemavu miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya Hilewitz iliyohusu familia ya mfanyabiashara wa Afrika Kusini mwenye mtoto mwenye ulemavu wa akili, iliamua kwamba afisa hawezi kutazama jina la ulemavu tu na kufunga faili. Lazima aangalie hali halisi ya familia hiyo, pamoja na uwezo na nia yake ya kujigharimia. Hata hivyo, mwaka 2016 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha York, raia wa Costa Rica, alinyimwa ukaazi wa kudumu pamoja na familia yake nzima kwa sababu mwanawe ana ulemavu wa Down. Habari ilipovuma magazetini, serikali ikabadili uamuzi mwaka huohuo. Juni 2018 kiwango cha gharama kinachohesabiwa kuwa mzigo kikapandishwa mara tatu, kutoka dola 6,655 za Kanada kwa mwaka hadi 19,965, na elimu maalumu ikaondolewa kwenye hesabu. Kiwango hicho hukokotolewa upya kila mwaka.

Sasa lije lile ambalo wengi hawalijui. Kifungu hichohicho cha 38, katika fungu lake la pili, kinawatoa kabisa kwenye hesabu ya gharama watu wanaodhaminiwa na familia kwa njia ya ndoa: mume, mke, mwenzi anayeishi kinyumba na mdhamini kwa angalau mwaka mmoja, pamoja na watoto wategemezi. Hao hawaulizwi dialisisi ni bei gani wala kiti cha magurudumu kitanunuliwa na nani. Tuseme fundi cherehani wa Mwanza, mwenye miguu iliyodhoofishwa na polio, ameolewa na dereva wa lori aliyepata ukaazi wa kudumu huko Edmonton. Afisa hana ruhusa ya kumkataa kwa hoja kwamba atahitaji upasuaji au mtu wa kumsaidia. Lakini wazazi na babu na bibi hawamo katika msamaha huu, na anayeomba kwa mlango wa ajira naye hayumo, hata kama ulemavu ni uleule.

Msamaha huo haufuti vipimo vya afya. Kila mwombaji hupimwa, na hupimwa na daktari aliyeteuliwa na serikali ya Kanada, siyo daktari wake wa kila siku, kwa gharama ya mwombaji mwenyewe. Kinachotafutwa ni yale mawili yaliyobaki: ugonjwa wa kuambukiza kama kifua kikuu kilicho hai, na hali inayoweza kuwahatarisha wengine. Kutembelea mikongojo hakumo, upofu haumo, ualbino haumo. Daktari naye haamui. Hupeleka taarifa, na uamuzi hufanywa na idara ya uhamiaji. Basi mwombaji aende na miwani yake, kifaa chake cha kusikilizia, orodha ya dawa anazomeza na taarifa za hospitali alikotibiwa. Kiziwi aseme mapema, siku ya kupanga miadi, kwamba anahitaji mkalimani wa lugha ya alama, na ni vizuri mkalimani huyo asiwe ndugu. (Akifika Kanada atakuta alama nyingine: wengi huko hutumia Lugha ya Alama ya Marekani, na Quebec ina yake. Kuanza kujifunza akiwa bado nyumbani si kupoteza muda.)

Anayeficha anafanya kosa jingine kabisa. Kifungu cha 16 kinamtaka mwombaji ajibu maswali yote kwa ukweli, na kifungu cha 40 kinampiga marufuku miaka 5 yule aliyedanganya au kunyamazia jambo la maana. Chukua kifafa ambacho kisingemzuia mtu hata siku moja: kikifichwa, kikagundulika, jalada lililokuwa safi linaingia doa la udanganyifu.

Hasara kubwa kuliko zote humwangukia mtoto aliyefichwa. Kanuni za uhamiaji, kifungu cha 117(9)(d), zinasema mwanafamilia ambaye hakutajwa wala kupimwa wakati mdhamini anaomba ukaazi wake mwenyewe hawezi kudhaminiwa baadaye kwa njia ya kawaida ya familia. Kwa hiyo baba aliyeandika "sina mtoto" kwa kuona aibu au kwa kuhofia kwamba mwanawe mwenye mtindio wa ubongo ataiangusha familia, anaweza kujikuta amemfungia mtoto huyo njia kwa mkono wake. Mpango maalumu ulioanzishwa Septemba 2019 ulilegeza kamba kwa baadhi ya familia za namna hiyo, lakini mpango si haki ya kudumu. Na ipo kanuni nyingine inayomfaa mtoto mwenye ulemavu ambayo watu huipita bila kuisoma. Kwa kawaida mtoto mtegemezi ni wa chini ya miaka 22 ambaye hajaoa wala kuolewa. Lakini aliyevuka umri huo, akiwa amekuwa akitegemea fedha za wazazi tangu kabla ya kufikia miaka 22 kwa sababu ya hali yake ya mwili au akili, bado huhesabiwa mtegemezi hata akiwa na miaka 30.

Kikwazo halisi cha wanandoa wengi ni swali la kama ndoa ni ya kweli. Kanuni ya 4 inakataa ndoa isiyo ya dhati au iliyofungwa hasa kwa ajili ya kupata makaratasi. Mwenye ulemavu yuko hatarini hapa kwa namna isiyosemwa wazi. Afisa aliyezoea kuona picha za harusi kubwa, safari za ufukweni na wanandoa wakicheza muziki anaweza kuitilia shaka ndoa ya mtu asiyetoka nyumbani mara kwa mara, au ya watu wawili viziwi ambao rekodi zao za simu hazina hata dakika moja ya mazungumzo ya sauti. Dawa yake ni kumwonyesha maisha yalivyo. Viziwi walete rekodi za simu za video na ujumbe wa maandishi. Asiyeona alete ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ukiwa umetafsiriwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Risiti za M-Pesa zinazoonyesha mume akilipia dawa kila mwezi, barua ya hospitali inayomtaja mke kuwa ndiye msimamizi wa mgonjwa, gharama za kujenga njia ya kiti cha magurudumu nyumbani kwa wakwe: hayo yote ni ushahidi wa ndoa, na kwa maoni ya safu hii yana uzito kuliko albamu ya picha 200. Maelezo ya wazee walioshuhudia mahari yakiambatana na cheti cha ndoa huongeza nguvu.

Kwa wasomaji wa pwani, angalizo moja. Tangu Juni 11, 2015 Kanada haitambui, katika maombi ya uhamiaji, ndoa ambayo bwana au bibi harusi hakuwepo mwenyewe, iwe ilifungwa kwa wakala, kwa simu au kwa intaneti. Walioachiwa ni wanajeshi wa Kanada katika hali fulani. Nikahi ya namna hiyo inaweza kuwa halali kwa kadhi na isifae kitu kwa afisa wa viza. Mwenye ulemavu hushawishika kuichagua kwa sababu safari ni taabu. Ni afadhali mdhamini apande ndege aje, wafunge ndoa wakiwa pamoja.

Na kama mwenye ulemavu ni mdhamini mwenyewe? Anayeishi kwa msaada wa serikali kwa kawaida haruhusiwi kumdhamini mtu, ila sheria inamwachia yule anayepokea msaada huo kwa sababu ya ulemavu. Isitoshe, kumdhamini mke au mume kwa kawaida hakuna kima cha chini cha kipato, tofauti na kuwadhamini wazazi. Kilichopo ni ahadi ya maandishi: mdhamini anabeba mahitaji ya msingi ya mwenzake kwa miaka 3 tangu siku anayopata ukaazi wa kudumu. Mwenzi akipokea msaada wa ustawi wa jamii ndani ya miaka hiyo, deni linamrudia mdhamini, na talaka hailifuti. Jambo hili lizungumzwe kabla ya kutia saini, kwa sababu watu hugombana wakiwa wamechelewa.

Yapo pia ya kumlinda anayekuja. Kati ya 2012 na Aprili 2017 wenzi wengine walipewa ukaazi wenye sharti la kukaa na mdhamini miaka 2. Sharti hilo limefutwa. Leo mwanamke mwenye ulemavu aliyekwisha kupata ukaazi wa kudumu hapotezi hadhi yake kwa kumkimbia mume anayempiga au kumnyang'anya dawa. Kauli ya "nitakurudisha kwenu" haina meno ya kisheria, ilimradi ndoa haikuwa ya udanganyifu tangu mwanzo.

Mtu asichukue sheria ya Kanada akaipeleka kwingine. Uingereza haimpimi mwombaji kwa gharama za matibabu. Inamtoza mapema, pauni 1,035 kwa mwaka za huduma ya afya, mbali na ada ya viza. Mzigo wake ni kipato: tangu Aprili 11, 2024 wanandoa lazima waonyeshe pauni 29,000 kwa mwaka. Mdhamini anayepokea posho ya ulemavu kama PIP, au posho ya mtu anayemuuguza mwingine, hutolewa kwenye kiwango hicho na badala yake huonyesha kwamba familia itaweza kujikimu bila kuomba nyongeza. Ulemavu wa mwombaji mwenyewe haumpi msamaha wa kipato, ingawa unaweza kumwondolea mtihani wa Kiingereza, daktari akieleza kwa nini hawezi kuufanya. Na mpaka apate ukaazi wa kudumu, posho za serikali hazimhusu.

Australia ndiyo ngumu. Ilipouridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, ilitangaza kwamba mkataba huo haugusi vipimo vyake vya afya kwa wageni, na sheria yake ya 1992 ya kupinga ubaguzi wa ulemavu inaiacha Sheria ya Uhamiaji nje. Mwaka huohuo wa 2008 daktari Mjerumani aliyekuwa akitibu watu katika mji wa Horsham, jimbo la Victoria, alikataliwa ukaazi kwa sababu ya mwanawe mwenye ulemavu wa Down, hadi waziri alipoingilia kati. Tangu Julai 1, 2024 mwombaji ambaye gharama zake zinakadiriwa kuzidi dola 86,000 za Australia anashindwa kipimo cha afya. Hata hivyo viza ya mwenzi ina nafasi ya kuomba kusamehewa kipimo hicho. Hapo ndipo barua ya mwajiri, bima na ushahidi wa madhara ya kutenganishwa na mwenzi vinapohitajika, na hapo wakili si anasa.

Kuhusu wakili: vishoka wanajua kwamba mwenye ulemavu ana hofu, na hofu huuzika. Kwa maombi ya Kanada, wanaoruhusiwa kulipwa kwa ushauri ni mawakili, wathibitishaji nyaraka wa Quebec, wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa Ontario, na washauri walio chini ya chuo cha kitaaluma cha washauri wa uhamiaji, ambacho orodha yake ya wanachama iko wazi mtandaoni. Anayedai fedha ili "azungumze na daktari" aachwe hapohapo.

Maombi yakikataliwa, barua isomwe neno kwa neno. Ikitaja gharama za afya kwa mke au mume wa mdhamini, afisa amekosea sheria. Aliyeomba akiwa ndani ya Kanada katika kundi la wenzi walioko nchini hana rufaa ya kawaida. Njia yake ni Mahakama ya Shirikisho, ndani ya siku 15. Aliyeomba akiwa nje, mdhamini wake ndiye mwenye haki ya kukata rufaa kwenye Kitengo cha Rufaa za Uhamiaji, na ana siku 30 tangu apokee sababu za kukataliwa.