Dondoo muhimu: Kumnukuu mwenzako kwenye grupu la WhatsApp

Grupu la kamati ya harusi likichangamka, jibu la "Sawa, nimekubali" humwacha kila mtu njia panda. Umekubali ukumbi, au mchango wa shilingi 100,000?

Telezesha ujumbe unaoujibu kuelekea kulia, au ubonyeze kwa muda kisha uguse mshale wa kujibu. Jina la mwenzako na maneno yake vitatokea juu ya sehemu ya kuandikia. Andika jibu lako, tuma. Picha na ujumbe wa sauti hujibiwa hivyo hivyo. Msomaji akiigusa nukuu hupelekwa kwenye ujumbe wenyewe, hata kama ulitumwa juzi.

Ujumbe ni mrefu nawe unajibu sentensi moja tu? Inakili, ibandike, na mwanzoni mwa mstari weka alama > kisha acha nafasi. Njia hii, iliyoletwa mwaka 2024, haiweki jina la msemaji, kwa hiyo mtaje mwenyewe. Na usikate maneno mpaka yakageuka maana. Mtu aliyeandika "Nitachanga, lakini nikishapata mshahara" ukimnukuu "Nitachanga" pekee, umemdhulumu, na mweka hazina atamdai kesho asubuhi. Hata tahajia yake iache kama ilivyo.

Ujumbe kuhusu deni la mtu au ugonjwa wake usiujibu mbele ya wote. Bonyeza ujumbe kwa muda, fungua menyu ya ziada, chagua kujibu faraghani. Nukuu itahamia kwenye mazungumzo yenu wawili.