Ndege Zisizo na Rubani na Kazi za Ng'ambo

Muhula huu msichana mmoja wa hapa Kirewa alinionyesha tangazo katika simu ya dada yake: kazi ng'ambo, nauli ya bure, mafunzo na mshahara mzuri. Akaniuliza, "Mwalimu, dada aende?" Kabla ya kumjibu nilimpa somo hili. Sasa nawapa ninyi wanafunzi, na ninyi mliomaliza zamani ambao mna wadogo zenu nyumbani.

Vita hubadili viwanda. Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, na wapiga mizinga wa Kiingereza hawakuweza kuiona. Ndege, ambazo siku zile zilikuwa kitu kipya, ziliruka juu zikawaongoza, na Julai 11 meli ile ikaharibiwa. Ndege moja ilipigwa ikaanguka mtoni, lakini watu wake wawili waliokoka.

Siku hizi mrushaji hayumo ndani ya ndege. Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulianza kurusha droni za kupeleleza kutoka Goma. Kisha, tangu Februari 2022, vita vya Ukraine vimeharakisha mambo. Droni ndogo ya dola mia chache huweza kuharibu kifaru cha mamilioni. Adui akivuruga mawimbi ya redio, mafundi huifunga droni uzi mwembamba wa kioo unaopitisha amri. Zamani makampuni makubwa yalitengeneza silaha moja kwa miaka mingi. Leo karakana ndogo husikiliza askari na kubadili kazi yake kwa majuma machache.

Urusi nayo ilichukua mfano wa droni ya Kiirani iitwayo Shahed, ikaanza kuiunda kwa wingi huko Alabuga, katika Tatarstan. Kiwanda kikubwa chahitaji mikono mingi, na mikono hiyo ilitafutwa hata kwetu. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilieleza habari za wasichana wa miaka 18 hadi 22, kutoka Uganda, Kenya na nchi nyingine. Waliahidiwa kazi za hoteli na upishi pamoja na masomo. Walipofika, wengi wakawekwa kuunganisha droni. Nao walikuwa karibu na hatari, maana Aprili 2, 2024 droni za Ukraine zilipiga mahali hapo hapo, watu kadhaa wakajeruhiwa.

Basi nilimjibu yule msichana hivi: dada yako asikatae safari kwa hofu, wala asikubali kwa tamaa. Kwanza aulize. Mwajiri ni nani? Kiwanda chatengeneza nini? Mkataba umeandikwa kwa lugha anayoifahamu? Pasi yake itashikwa na nani? Akitaka kurudi, nani atalipa nauli?

Dada yule aliandika maswali yote matano akayapeleka. Mpaka leo hajajibiwa hata moja, naye yuko nyumbani. Kuuliza si ujinga.