SOMO LA VIKUNDI: "NILIKUNYWA" SI SAWA NA "NIMEKOSA"
Kukata rufaa katika kesi ya kuendesha ukiwa mlevi

Tukikutana hapa Gede kwa kawaida tunaongea mambo ya mikopo, mbuzi na matangi ya maji. Leo tunaleta somo ambalo baadhi yenu mmetuuliza kando, kwa sauti ya chini: kijana wetu amehukumiwa kwa kuendesha pikipiki akiwa amelewa. Je, kuna njia?

Njia iko, nayo ni rufaa. Lakini mlango wake ni mwembamba, tena hufungwa mapema.

Lengo la somo: tukimaliza, kila mmoja aweze kueleza mambo matatu. Kwanza, sheria inakataza nini hasa. Pili, jibu la mshtakiwa kortini lina uzito gani. Tatu, ni siku ngapi za kukata rufaa.

KISA

Kijana huyu si mtu mmoja. Tumeunganisha mambo yanayowapata wengi, ili tujifunze bila kumwaibisha yeyote.

Ni mtu wa bodaboda katika stendi ya Gede. Pikipiki yake ilinunuliwa kwa mkopo wa kikundi, na akina mama waliweka akiba zao ziwe dhamana. Jumapili jioni alipita mangweni, akanywa mnazi, kisha akarudi kutafuta abiria wa Watamu. Polisi walimsimamisha, wakasikia harufu, akalala ndani. Kesho yake akafikishwa mbele ya hakimu. Mashtaka yakasomwa haraka haraka. Akaulizwa: ni kweli ama si kweli? Naye akajibu, "Ni kweli nilikunywa, lakini pikipiki nilikuwa naiendesha sawasawa."

Ikaandikwa kwamba amekubali kosa. Akapigwa faini, na leseni akanyimwa kwa muda. Akina mama wakachanga, wakalipa, wakarudi nyumbani wakisema basi, ni mapenzi ya Mungu. Wiki tatu zikapita. Ndipo mmoja akauliza kwenye mkutano: "Hivi sisi hatungeweza kukata rufaa?"

Sasa tutazame mambo mawili yaliyomponza kijana: jibu lake, na zile wiki tatu.

SHERIA INASEMAJE?

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya hakisemi kwamba kunywa ni kosa. Kinasema ni kosa mtu kuendesha, au kujaribu kuendesha, au kuwa ndiye mwenye kusimamia chombo barabarani, huku pombe au dawa imemlemea hata hawezi kukimudu chombo hicho ipasavyo. Pikipiki ni chombo kama gari. Adhabu yaweza kufika faini ya shilingi 100,000, au kifungo cha miaka 2, au yote mawili.

Kwa hiyo upande wa mashtaka una mambo mawili ya kuthibitisha: kwamba ulikunywa, na kwamba pombe ilikufanya ushindwe kumudu chombo. Je, ulikuwa unayumba barabarani? Ulishindwa kusimama? Uligonga kitu? Harufu ya mnazi peke yake inajibu swali la kwanza tu.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi kuhusu kanuni za mwaka 2011 za kile kipimo cha pumzi ambacho watu hukiita Alcoblow. Majaji walisema kanuni haziwezi kuzua kosa lililo tofauti na lile la sheria yenyewe. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ni kupata hati ya mashtaka na kusoma kijana ameshtakiwa kwa kifungu gani.

JIBU LA KORTINI

Mtu akikubali kosa kikamilifu, sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inambana. Hawezi tena kukata rufaa kupinga kupatikana na hatia. Anaweza kulalamikia adhabu tu: kwamba imezidi, au haikufuata sheria. Ndiyo maana tunawaambia vijana, usiseme "ni kweli" ili upate tu kutoka pale haraka.

Lakini je, kijana wetu alikubali kosa? Hebu lisomeni tena jibu lake. Alikubali kunywa. Kushindwa kuendesha alikukataa. Katika kesi ya Adan iliyoamuliwa mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipanga hatua ambazo korti zetu hufuata mpaka leo. Mashtaka yasomwe na kuelezwa kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa. Maneno yake yaandikwe. Maelezo ya kisa yasomwe, naye aulizwe kama anayakubali. Akisema jambo linalopinga kosa, korti iandike kwamba amekataa, na mashahidi waitwe.

Basi mwenye jibu kama la kijana huyu ana hoja ya kupeleka mbele. Vilevile mzee wa Kigiriama aliyesomewa mashtaka kwa lugha asiyoielewa vizuri. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa haki ya mkalimani bila malipo. Na kifungu hicho hicho kinampa aliyehukumiwa haki ya kukata rufaa.

HATUA ZA KUFUATA

1. Hesabuni siku. Rufaa hupelekwa ndani ya siku 14 tangu hukumu. Ikitolewa tarehe 3, mwisho ni tarehe 17. Mkichelewa, Mahakama Kuu inaweza kuwaruhusu mkiwa na sababu nzuri, kama vile kucheleweshewa nakala ya hukumu. Kwa hiyo wiki tatu za kijana wetu hazijaua kila kitu, ila sasa lazima aombe ruhusa kwanza na aeleze kilichomchelewesha.

2. Ombeni nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu. Andikeni barua siku ile ile, mbaki na nakala yenye muhuri wa korti. Hiyo barua ndiyo ushahidi wenu kwamba hamkulala.

3. Andikeni hati ya rufaa. Kwa sisi wa Gede, Mahakama Kuu iko Malindi. Hati itaje kesi, hukumu, na sababu moja moja. Msiandike "hukumu ni mbaya". Andikeni, kwa mfano, "hakuna shahidi aliyesema nilishindwa kumudu pikipiki."

4. Aliye gerezani ampe hati yake mkuu wa gereza, naye ataifikisha.

5. Ombeni dhamana ya kungojea rufaa kama kijana amefungwa. Kama faini imelipwa, hilo halizuii rufaa. Tunzeni risiti, kwa sababu akishinda, korti yaweza kuamuru fedha zirudishwe.

6. Tafuteni ushauri mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya taifa kwa wasio na uwezo. Ulizeni kortini. Jihadharini na watu wanaozunguka nje ya korti wakiahidi "kuongea na jaji".

Siku ya kusikizwa, jaji hatazami hukumu ya chini juu juu. Tangu kesi ya Okeno ya mwaka 1972, mahakama ya rufaa ya kwanza inatakiwa kupima upya ushahidi wote. Anaweza kumwachilia mtu, kuamuru kesi ianze upya, au kupunguza adhabu. Jamani, anaweza pia kuiongeza. Msiende kubahatisha.

TUULIZANE UKWELI

Kabla kikundi hakijatoa hata shilingi, mketisheni kijana mumwulize: ulikuwa umelewa? Abiria wako alikuwa salama? Barabara ya Malindi ndiyo wanayovuka watoto wetu wakienda shule. Kama kweli hakuweza kuimudu pikipiki, msaada wetu ni kumsindikiza alipe alichokosa, kisha aache. Kama hakutendewa haki, basi tusimame naye mpaka mwisho. Rufaa ni ya kusahihisha kosa la korti. Haiwezi kufuta kosa la mtu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kuna tofauti gani kati ya kunywa na kushindwa kumudu chombo?
2. Katika kisa, kikundi kilikosea wapi baada ya kulipa faini?
3. Tuweke sheria gani kwa mwanachama anayeendesha pikipiki ya mkopo? Anywe na apande, ama aiache nyumbani?
4. Nani kati yetu atakuwa mwenye kuandika barua na kuhesabu siku?

ZOEZI

Mmoja awe hakimu, mwingine karani, mwingine mshtakiwa. Mshtakiwa ajibu kwa njia tatu: "Ni kweli." "Ni kweli nilikunywa, lakini niliendesha sawa." "Sijaelewa, naomba nisomewe kwa Kigiriama." Kikundi kiseme hakimu aandike nini kila mara. Rudieni mpaka hata aliye kimya kuliko wote aweze kusema jibu la tatu bila woga. Siku ikimfika, atasimama peke yake kule mbele.